Namna ya Kupunguza Uvimbe wa Kifundo cha Mguu Kilichoteguka

Karibuni, watazamaji. Leo tunashughulikia kifundo cha mguu kilichoteguka kidogo. Mishipa midogo ya damu ikijeruhiwa huvujisha majimaji kwenye nyama zinazoizunguka, na ndipo mguu unapovimba. Kwa hiyo kazi yetu ni kuyazuia yasijikusanye kupita kiasi.

Kwanza, acha kuukanyagia mguu huo, na uvue kiatu kabla hakijabana.

Pili, funga vipande vya barafu katika kitambaa chembamba, kama hiki ninachokikunja hapa, ukiweke juu ya uvimbe kwa dakika 15, wala usizidishe 20. Barafu isiguse ngozi moja kwa moja, kwani nayo huunguza. Rudia kila baada ya saa 2 au 3 kutwa nzima. Najua wengi wetu hukimbilia kukanda kwa maji ya moto au kuchua, lakini nawasihi mngoje siku 2 hadi 3, kwa sababu joto hupanua mishipa ile ile inayovuja.

Tatu ni bandeji inayovutika, na hapa ndipo watu hukosea zaidi. Anzia karibu na vidole, ukiviacha wazi, kisha panda kuelekea kifundoni, kila mzunguko ukifunika nusu ya ule uliotangulia. Tazameni kwa karibu: ninabonyeza ukucha wa kidole gumba mpaka upauke, ninauachia, na rangi yake inarudi ndani ya sekunde 2 hivi. Ikichelewa, au vidole vikiwa baridi au vikichonyota, fungua ufunge upya kwa kulegeza. Usiku ivue.

Nne, lala chali na uinue mguu kwa mito hadi upite usawa wa moyo. Kukaa kitini huku mguu ukiwa juu ya kigoda hakutoshi, maana bado uko chini ya moyo. Maumivu yakipungua, anza kukizungusha kifundo polepole, kwa kuwa kukilaza siku nyingi hukikakamaza.

Haya yote ni kwa jeraha dogo. Ukishindwa kutembea hata hatua 4, mfupa ukiuma unapoubonyeza, mguu ukipinda au ukifa ganzi, nenda hospitali siku hiyo hiyo, bila kusubiri uvimbe ushuke.