Sufuri Si Pengo: Kazi ya Data kwa Faida ya Jamii

AKINYI: Karibu, msikilizaji. Tuko Kisumu, na mvua imetupa nafasi kidogo ya kuongea kabla haijarudi kwenye mabati. Mimi ni Akinyi. Mwenzangu Wafula ameingia asubuhi hii na matatu kutoka Bungoma.

WAFULA: Asante, dada. Wiki hii vijana wengi wametuandikia, na swali ni lile lile: nimesomea takwimu, au nimesomea kompyuta, nataka ujuzi wangu umfae mtu wa kijijini kwetu. Nianzie wapi?

AKINYI: Niruhusu nianzie mahali nilipokosea mimi.

WAFULA: Haya, tunakusikiliza.

AKINYI: Miaka yangu ya mwanzo nilipewa takwimu za malaria za zahanati kadhaa za huku kando ya ziwa. Kila mwezi zahanati hujaza fomu ya MOH 705A, ile ya wagonjwa wa nje walio chini ya miaka mitano, kisha jumla zinaingizwa kwenye mfumo wa taifa wa taarifa za afya, ule unaoendeshwa kwa DHIS2, programu ya kompyuta ya kukusanya takwimu za afya. Nikachora grafu. Zahanati moja, malaria imeanguka ghafla: sufuri, miezi miwili mfululizo. Nilifurahi sana. Nikaandika kwenye ripoti kwamba huenda vyandarua vimeanza kuzaa matunda.

WAFULA: Kumbe?

AKINYI: Kumbe vipimo vya malaria vilikuwa vimeisha. Nilijua siku nilipofika huko mwenyewe. Muuguzi alinifungulia rejista, na ukurasa mzima ni watoto: homa, homa, homa. Lakini safu ya waliothibitishwa kuwa na malaria haina kitu, kwa sababu hakuna mtoto aliyepimwa. Aliyekuwa akiingiza data alikuta pamebaki wazi, akajaza sufuri ili fomu ikamilike. Sufuri ile ilikuwa imebeba watoto wagonjwa, Wafula. Nililala na hilo siku nyingi.

WAFULA: Kwa hiyo pengo liligeuzwa sufuri.

AKINYI: Ndiyo hivyo. Pengo linasema "hatujui". Sufuri inasema "tumeangalia, hakuna". Ukiwa mezani huku mjini, Milimani, na kompyuta yako, utayatenganishaje? Sasa mfikirie mtu anayegawa vipimo kwa kufuata ripoti yangu. Angeona zahanati hii haina malaria, aipunguzie. Walioishiwa ndio wangepunguziwa.

WAFULA: Ulifanyaje?

AKINYI: Niliirudisha ripoti, nikawaambia wakubwa wangu nimekosea. Tangu hapo sichori grafu ya waliothibitishwa peke yake. Naweka kando yake idadi ya waliopimwa, na siku ambazo vipimo vilikosekana. Hakuna hesabu ngumu hapo, ni kujumlisha na kugawanya tu, lakini ndiyo kazi ninayoionea fahari kuliko zote.

WAFULA: Inanikumbusha ya Busia, jirani zetu. Mwaka 1998 ulianza mradi wa kuwapa wanafunzi dawa za minyoo katika shule 75 za msingi. Shule hazikuanza zote kwa wakati mmoja, zilipangwa kwa zamu, na hiyo ndiyo iliyowawezesha watafiti kulinganisha. Michael Kremer na Edward Miguel walichapisha matokeo mwaka 2004: watoto waliopewa dawa walikosa shule kwa uchache. Mwaka 2019 Kremer akashiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi. Habari hiyo wengi wanaijua.

AKINYI: Na ile ambayo haisemwi sana?

WAFULA: Kwamba waliwakabidhi data yao watu wengine waichambue upya. Wataalamu wa London wakaichambua, na mwaka 2015 wakachapisha kwamba kuna makosa, hasa katika hesabu ya faida iliyofikia shule za jirani. Mjadala ukawa mkali, na haujaisha. Mimi naona huo ndio uungwana wa kazi hii. Kijana anayetaka kuingia huku ajue kuandika kila hatua aliyopitia, ili mtu mwingine afuate nyayo zake hadi kosa lilipo.

AKINYI: Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Maseno ninaokutana nao: Excel ni ya kuanzia, lakini ukibofya bofya hakuna anayejua ulibofya nini. Jifunze R au Python, lugha za kompyuta ambazo kila hatua unaiandika, chagua moja. Halafu SQL, lugha ya kuiuliza hifadhidata, kwa sababu data ya afya imekaa kwenye hifadhidata. Na takwimu zenyewe, usizipite mbio.

WAFULA: Na lugha za nyumbani.

AKINYI: Ee! Hilo lisemwe kwa sauti. Kuna tofauti ya kumuuliza mama kwa Kidholuo kama mtoto "ana joto" na kumuuliza kama "anaumwa malaria". Ukikosea swali, hakuna hesabu itakayokuokoa. Kijana anayeelewa majibu ya mama kama mama alivyokusudia ana mtaji ambao haupatikani kwenye kozi yoyote.

WAFULA: Tuseme na ukweli wa mfuko. Kazi zipo: kusimamia data za utafiti, kama kule KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, hapa Kisian, kumbukumbu za afya katika kaunti, ufuatiliaji na tathmini kwenye miradi. Lakini nyingi ni za mkataba, na mfadhili akiondoka mnaondoka wote. Nimewahi kukaa miezi mitano bila kazi, mradi umefungwa, kodi inadaiwa. Ningependa mtu angeniambia mapema niweke akiba.

AKINYI: Pole, ndugu yangu. Na je, zile programu za mafunzo za nje ya nchi?

WAFULA: Kuna iliyoanza Chicago mwaka 2013, ya Rayid Ghani, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa mwanasayansi mkuu kwenye kampeni ya Obama. Vijana walitumia majira ya kiangazi kushughulikia matatizo halisi ya idara za serikali na mashirika. Ninachokipenda pale ni kwamba kila kikundi kilikuwa na mwenye shida mezani, anayeulizwa na anayejibu. Hilo hata Kakamega linawezekana.

AKINYI: Kabla hatujasahau, siri za watu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na ni haki. Lakini usidhani ukifuta jina umemficha mtu. Andika "mwanamke, miaka 41, mama wa mapacha, kijiji fulani", na kijiji kizima kimeshamjua. Mimi hupanga umri kwa makundi, na kijiji nakipandisha hadi wadi.

WAFULA: Tumalizie na swali la msikilizaji wa Kakamega. Yuko mwaka wa tatu chuoni, ana simu, na kompyuta wanaishiriki watu watatu. Anauliza aanze na mradi gani.

AKINYI: Aanze na kaunti ndogo ya kwao. Jedwali za sensa ya 2019 ziko wazi kwenye tovuti ya Shirika la Taifa la Takwimu, na zinaingia kwenye simu. Ahesabu watoto wadogo wa eneo lake ni wangapi. Kisha aombe ruhusa kwa ofisi ya afya ya kaunti ndogo, aende kwenye zahanati moja tu.

WAFULA: Akifika?

AKINYI: Asifungue kompyuta. Akae na muuguzi saa ambayo foleni imepungua, amuulize: mwezi uliopita, ni siku ngapi mlikosa vipimo? Na siku hizo mliandika nini kwenye fomu?

WAFULA: Atuandikie alichojibiwa.

AKINYI: Atuandikie. Tutalisoma jibu lake hapa, bila jina la zahanati.