Kadi Inayosomeka kwa Vidole

HALIMA: Karibuni tena. Leo mezani tuna karatasi, wino wa zambarau, pasi ya umeme, na tuna Kimani ambaye ameshika kadi moja tangu tuingie humu ndani na hataki kuiachilia.

KIMANI: Dada Halima, hii kadi acha tu. Hapa kuna jani, hapa kuna ua, halafu hapa katikati pamelala tambarare kabisa. Hata sijaitazama vizuri, nimeipapasa tu.

HALIMA: Basi umeielewa. Tunazungumzia kadi za mkono ambazo uso wake umetiwa nakshi zilizoinuka, kisha wino ukapita juu yake. Na msimu wake ndio huu. Jacaranda zimechanua Nairobi nzima, watahiniwa wa KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, wanahesabu siku, na kila ukipita mjini unaona kadi za mafanikio zimening'inizwa.

KIMANI: Zile zinazoimba ukizifungua.

HALIMA: Hizo hizo. Mtoto akiletewa anafurahi, na ni haki yake. Lakini ile uliyoiketia mwenyewe jioni nzima ataitunza hadi awe mtu mzima. Naamini hivyo kwa dhati.

KIMANI: Tuanzie karatasi basi. Msikilizaji akienda mjini aulizie nini?

HALIMA: Aulizie bodi nyeupe za aina mbili. Moja ya gramu 250 hadi 300 kwa mita ya mraba, hiyo ndiyo kadi yenyewe. Nyingine nyembamba, gramu 160 hadi 200, hiyo ndiyo tutakayoitia nakshi na wino, kisha tuibandike juu ya ile nene. Aende River Road, kwa wachapishaji wa kadi za harusi, na awaombe vipande vinavyobaki kwenye mashine ya kukatia.

KIMANI: Na vipimo?

HALIMA: A4 ni milimita 210 kwa 297. Ikate katikati ya ule upande mrefu, upate A5 mbili. Kila A5 ikunje mara moja, umepata kadi ya A6, 105 kwa 148, na bahasha yake ni C6, 114 kwa 162. Kile kipande cha juu kikate 99 kwa 142, ili kibaki na ukingo wa milimita tatu kila upande. Sasa, Kimani, chukua hiyo bodi nene. Ikunje kidogo tu, usiivunje. Umesikia inavyokaza? Haya, igeuze upande wa pili.

KIMANI: Imekubali. Imelainika.

HALIMA: Nyuzi za karatasi hulala upande mmoja. Ukikunja kwa kufuata nyuzi, mkunjo unanyooka. Ukizikatisha, bodi inapasuka mgongoni na kadi inaonekana kuukuu kabla haijafika kwa mwenyewe. Ukipata A4 ambayo nyuzi zake zinafuata urefu na ukaikata hivyo nilivyosema, mkunjo unaangukia kwenye nyuzi wenyewe. Kabla ya kukunja, pitisha rula na kalamu ya wino iliyokauka, uache mfereji mdogo.

KIMANI: Nakshi sasa. Nimeona mitandaoni wana mashine ya mkono: unaingiza karatasi ndani ya folda ya plastiki yenye mchoro, unazungusha mpini, inatoka imeinuka yote.

HALIMA: Ukiwa nayo, heri yako. Asiye nayo achukue filamu ya zamani ya eksirei au jalada la faili la plastiki, alikate kwa wembe maumbo anayoyataka. Hicho ni kiolezo. Kibandike kwenye kioo cha dirisha mchana, weka bodi nyembamba juu yake, uso ukikitazama kiolezo. Mwanga unakuonyesha matundu. Kisha fuata kingo za kila tundu ukitumia kalamu iliyokauka au kitu chenye ncha ya mviringo. Zunguka taratibu mara mbili, tatu. Ukikandamiza kwa pupa unatoboa. Na kama kuna herufi, geuza kiolezo kwanza.

KIMANI: Mimi ningejaza nakshi karatasi nzima. Mbona hapa katikati umeacha wazi?

HALIMA: Ndiyo maana nimekuja na hii kanga. Itazame. Pembeni kuna pindo. Katikati kuna mji. Halafu kuna jina, na jina limepewa mahali pake, hakuna ua linaloliparamia. Waliobuni kanga walishaimaliza hesabu hii zamani. Mimi kadi naipanga hivyo hivyo: pindo na mji vibebe nakshi, jina lipate uwanja tambarare. Kadi nyingi za mkono naona zinaharibikia hapo. Mtu ameweka maua, ameweka utepe, ameweka vimetameta, kisha maneno ya heri yanatafuta pa kukaa.

KIMANI: Vimetameta mimi navipenda.

HALIMA: Vipende, ila viweke kwenye pindo.

KIMANI: Sawa. Sasa swali langu kubwa: wino ni kabla ya nakshi au baada?

HALIMA: Hapo ndipo penye utamu. Ukiinua nakshi kwanza, kisha uchukue pedi ya wino uilaze karibu bapa na kuipitisha juu kama unaifuta vumbi, wino unagusa vilele peke yake. Mabonde yanabaki meupe. Jaribu. Usikandamize... hivyo. Unaona mishipa ya jani inavyojitokeza?

KIMANI: Aisee! Imejichora yenyewe.

HALIMA: Mwenye folda ana njia nyingine. Anapaka wino ndani ya folda kabla ya kuingiza karatasi. Akipaka upande ule mchoro ulipoinuka, mchoro unapata rangi. Akipaka upande wa pili, pale pasipo na mchoro, uwanja ndio unapata rangi na mchoro unabaki mweupe. Folda moja, kadi mbili ambazo hazifanani.

KIMANI: Na pasi ya nini? Maana nimeikodolea macho tangu mwanzo.

HALIMA: Ya nakshi ya moto, na kwangu hii ndiyo bora kuliko zote. Inataka poda ya embosi, ni plastiki iliyosagwa laini sana, na hiyo hatuna mbadala wake, nunua yenyewe. Lakini vingine viko nyumbani. Kwanza pangusa karatasi kwa pamba yenye poda ya mtoto kidogo sana, ili mafuta ya vidole na ule umeme wa msuguano visishike poda ovyo. Kisha gliserini, ile ile tunayopaka ngozi, itie maji kidogo, loweka kwenye kipande cha sifongo. Gonga muhuri wako wenye mchoro pale, kisha kwenye karatasi.

KIMANI: Kwa nini isiwe wino wa kawaida wa ofisi?

HALIMA: Unakauka upesi, na poda inataka penye unyevu ndipo ishike. Gliserini haina haraka ya kukauka. Haya, mwaga poda juu, inua karatasi, iliyobaki irudi chuponi. Kama kuna chembe imekaa pasipo pake, iondoe kwa brashi ndogo. Sasa pasi: iwe kwenye moto wa pamba, tumeigeuza uso juu, na tumeiegemeza kwa matofali isicheze. Watoto wasiwe karibu. Shika karatasi kwa koleo, mgongo wake uelekee kwenye joto, poda iwe juu.

KIMANI: Nakaribia... bado ni vumbi tu... bado... Ee! Inang'aa! Inatembea kutoka huku kwenda huku!

HALIMA: Ondoa! Ondoa sasa hivi. Vizuri. Ukichelewa, plastiki inazama ndani ya karatasi na unabaki na doa la mafuta. Na mtu asijaribu na ile mashine ya kukaushia nywele, itapeperusha poda kabla haijayeyuka. Ile ya mafundi ya kupuliza hewa moto inafaa, ila ishikwe mbali kidogo.

KIMANI: Lakini poda yenyewe haina rangi. Karatasi nyeupe, nakshi haina rangi, sioni kitu.

HALIMA: Lete wino. Kata sifongo ya vyombo, ichovye kwenye pedi, anza kusugua nje ya karatasi, juu ya gazeti, kisha ingia ndani kwa kuzungusha mkono. Ukianzia katikati unaacha duara jeusi ambalo halifutiki. Anza na rangi nyepesi, jenga kidogo kidogo. Hii ya zambarau ni wino wa kawaida wa mihuri. Chukua tishu sasa, futa pale penye nakshi.

KIMANI: Yarabi. Mistari meupe imetoka chini ya zambarau. Ni maua ya jacaranda!

HALIMA: Plastiki imekataa wino, karatasi imeukubali. Ukitaka, nyunyiza matone ya maji, yaache kidogo, uyakaushe. Wino wa maji utafifia pale yalipodondoka, kama barabara iliyonyeshewa. Ila usilete manjano moja kwa moja kando ya zambarau, vikikutana vinatoa tope. Acha uwazi mweupe kati yake.

KIMANI: Na aliyechapisha mchoro kwa mashine, kisha akaupaka rangi mwenyewe, hiyo bado ni kadi ya mkono?

HALIMA: Kwangu ndiyo. Kadi ya Krismasi inayojulikana kuwa ya kwanza kuuzwa madukani, ile Henry Cole aliyomwagiza John Callcott Horsley aichore, London, mwaka 1843, ilichapwa kisha ikapakwa rangi kwa mkono.

KIMANI: Dada, kuna jambo limenikaa. Nina shangazi, amepoteza macho. Siku zote nikimpelekea kadi, mtu mwingine ndiye humsomea. Leo nikipapasa hii ndiyo nikamfikiria.

HALIMA: Anasoma breli?

KIMANI: Anasoma, na anasoma haraka.

HALIMA: Basi ule uwanja tambarare tuliouacha ni wake. Breli ni nakshi iliyoinuka. Louis Braille, yule Mfaransa, alikuwa kijana wa miaka 15 mwaka 1824 alipokuwa amekwisha kuupata msingi wake: nukta sita, safu mbili za tatu tatu. Kushoto ni ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwenda chini. Kulia ni ya nne, ya tano, ya sita. Na ile bodi nyembamba ya gramu 160 inafaa kabisa.

KIMANI: Tuandike "heri".

HALIMA: H ni nukta ya 1, 2 na 5. E ni 1 na 5. R ni 1, 2, 3 na 5. I ni 2 na 4. Kati ya nukta na nukta ya herufi moja acha takriban milimita mbili na nusu, kidole kikizoea nafasi hiyo hakipotei. Lakini sikiliza: unatoboa kutoka mgongoni, bila kupasua, kwa hiyo unaandika kutoka kulia kwenda kushoto, na safu zinabadilishana. Iliyo kushoto unaipiga kulia. Ukipata ubao wa breli na kalamu yake, kazi inanyooka zaidi. Msikilizaji wa Thika hatatafuta mbali mtu wa kumkagulia, Shule ya Wasioona iko kwao.

KIMANI: Breli ije kabla au baada ya wino?

HALIMA: Wino kwanza, ukauke. Breli ya mwisho, kabla ya kubandika. Na nakshi za pindo zikae mbali nayo, kidole kisidhani jani ni herufi.

KIMANI: Na kubandika?

HALIMA: Gundi nyeupe kwa wingi kidogo, kwa sababu mgongo wa nakshi una mashimo na gundi chache haifiki. Bonyeza kingo tu. Ukiweka kitabu kizito juu, umelaza kila ulichokiinua. Kwa hiyo hata posta, tia bodi ngumu mbele na nyuma ya kadi ndani ya bahasha.

KIMANI: Ya shangazi nitampelekea mwenyewe, Jumamosi.

HALIMA: Vizuri sana. Basi vuta kiti. "Heri" ina nukta 11, na bado hujapiga hata moja.

KIMANI: Naanzia kulia?

HALIMA: Kulia. Wasikilizaji, wiki ijayo tutashona bahasha za kitambaa. Kwaherini.