Uhamisho wa Afande na Daftari la Mtoto

Walimu wenzangu, wazazi, na ninyi kina mama mliotoka kambini Naliendele, asanteni kwa kuja. Nimelisema hili mara nyingi hapa Mtwara na leo nalirudia: mtoto wa askari akihama, karatasi zake zinafika, lakini habari zake hazifiki. Namba ya PREM, ile ya kumbukumbu za mwanafunzi, imeonekana, jina limeingia kwenye rejista, basi tunaona kazi imekwisha.

Kuna binti alitujia darasa la sita kutoka Tabora. Mwalimu akamwandikia ubaoni 2/3 + 1/4. Akajibu 3/7, amejumlisha vya juu kwa juu, vya chini kwa chini. Darasa likacheka. Tangu siku hiyo hakunyoosha mkono tena, na kwenye ripoti akaandikiwa "mzito".

Nikamwomba daftari lake la zamani. Lina kava la gazeti, mwandiko umenyooka, vema ukurasa hadi ukurasa. KDS, yaani kigawe kidogo cha shirika, ile namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa namba zote ulizopewa, anaitafuta bila kukosea. Mada iliyofuata, kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, yaani namba za chini zisizolingana, haimo. Daftari limeishia hapo kwa sababu baba kapata uhamisho! Nikakaa naye baada ya vipindi, nikamuuliza KDS ya 3 na 4. "Kumi na mbili," akajibu papo hapo. Akaandika 8/12, akaandika 3/12, akapata 11/12. "Kumbe ni ileile, mwalimu!" Huyo ndiye mzito?

Mtu ataniambia mtaala ni mmoja, Monduli mpaka Newala. Ni kweli. Lakini azimio la kazi linapangwa shuleni: hapa mada imefundishwa Februari, kule inangoja Julai. Mtoto akihama Mei, imempita. Na msiniambie watoto wa kambini wamezoea kuhama. Kuzoea kuhama hakumfundishi mtu sehemu.

Marekani kila jimbo lina taratibu zake za elimu, lakini majimbo yote 50 yamekubaliana kuhusu watoto wa wanajeshi: mtoto anapokelewa kwa nakala alizobeba mzazi, hangoji rekodi rasmi, na anaendelea na masomo aliyokuwa akisoma. Sisi wenye mtaala mmoja tunashindwa nini?

Naomba karatasi moja tu. Mwalimu wa darasa aandike kila somo limeishia mada ipi, mzazi aibebe pamoja na cheti cha kuzaliwa. Mama, usipande basi bila hiyo karatasi. Na madaftari ya zamani msiwape wauza karanga!

Ya marafiki wanaoachwa kila kituo nilitaka kuyasema kwa kirefu, ila mwenyekiti ananionyesha saa, niulizeni baadaye. La darasa la saba siliachi. Mtihani ni Septemba, na mtoto ameshasajiliwa shuleni alipo. Afande akipangiwa kituo kipya Julai, atangulie yeye; mtoto abaki na mama au shangazi mpaka amalize karatasi ya mwisho.