Geuza Jani Kabla ya Kushika Bomba: Mhadhara Kuhusu Wadudu wa Bustani ya Nyumbani

Shikamooni wazee wangu, na wengine habari za jioni. Mmeniita nizungumzie dawa za wadudu. Dawa nitaifikia mwishoni, kwa sababu bustani nyingi nilizopitia hapa mtaani zinasumbuliwa na bomba la kupulizia dawa kuliko wadudu wenyewe.

Tuanze na jani hili la sukuma wiki. Juu ni safi kabisa. Ligeuzeni, kisha lipitisheni hadi nyuma. Hao waliojazana kwenye mshipa wa kati, wa kijivu wenye ungaunga, ni vidukari. Wengine mnawaita wadudu mafuta. Jike la kidukari halingoji dume. Linazaa watoto hai, na hali ya joto ikiruhusu, baada ya wiki moja hivi watoto hao nao wanazaa. Ndiyo maana mtu anaapa kwamba juzi hawakuwepo.

Sasa tazameni pembeni kidogo. Mnamwona yule wa kahawia, amevimba, hasogei? Huyo amekwisha. Nyigu mdogo mno, asiyeweza hata kumuuma mtu, alimtagia yai mwilini, na buu likamla kwa ndani. Mkiona kitundu cha mviringo mgongoni, nyigu mpya ameshatoka. Na huyu mweusi mwenye alama za rangi ya chungwa, mfano wa kenge mdogo... Hapana mama, usimponde! Huyo ni mtoto wa yule mdudu mwekundu mviringo mwenye madoa meusi ambaye wajukuu zako wanacheza naye. Anakula vidukari makumi kwa siku.

Ukipuliza sumu kali, hawa wote wanakufa. Vidukari wachache waliojificha kwenye majani machanga yaliyojikunja wanabaki, na siku hiyohiyo wanaendelea kuzaa. Nyigu na wenzake wanachelewa sana kurudi. Kwa hiyo unapuliza tena, na tena, na duka la pembejeo linakufahamu kwa jina.

Kwa viroba vichache vya mboga, vidukari wanaondoka kwa kidole na maji. Wakizidi, chukua sabuni ya maji ya kawaida, vijiko viwili vya chai kwa lita moja, upulizie chini ya majani jioni. Jaribu kwanza kwenye majani mawili matatu. Sabuni ya unga iacheni kwenye nguo, inaunguza. Na mjue kwamba sabuni inaua ikiwa mbichi tu. Ikishakauka imemaliza kazi.

Mkiona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye shina, wafuateni. Wanafuata majimaji matamu yanayotoka kwa vidukari, na kwa ajili hiyo wanawafukuza wale wanaowala. Ila msiwachukie jamaa zao wote. Kule Zanzibar, majimoto, wale wekundu wanaoshona majani, wanaulinda mnazi dhidi ya mdudu anayefyonza nazi changa na kuzifanya zidondoke. Wanauma, hilo nakubali.

Nyanya ni habari nyingine. Kantangaze, nondo mdogo ambaye kiwavi wake anashambulia nyanya, asili yake ni Amerika ya Kusini. Alivuka hadi Hispania mwaka 2006, akashuka Afrika, na kufikia 2014 alikuwa Tanzania. Kiwavi wake anaishi katikati ya ngozi mbili za jani. Inueni jani juani mtaona njia pana yenye rangi ya maziwa, na vinyesi vyeusi ndani. Dawa inayoua kwa kugusa mwili wa mdudu itamfikiaje huko? Chumeni majani hayo na matunda yaliyotobolewa, myaweke kwenye ndoo yenye mfuniko, iachwe juani mpaka kila kilichomo kife. Kuyatupa kando ya uzio ni kumhamishia jirani. Na msimu ujao, pale palipokuwa na nyanya msipande bilinganya wala viazi mviringo, maana hivyo navyo anavila.

Dawa sasa. Mwarobaini mnao barabarani. Kausheni mbegu kivulini, mzibangue, gramu 50 za kiini kilichotwangwa kwa lita moja ya maji, ilale usiku kucha, mchuje. Pulizeni jioni, kwa sababu jua linaiharibu. Msitegemee kuona maiti kesho yake: mdudu anapoteza hamu ya kula, na anashindwa kujivua gamba ili akue.

Mzee pale ameuliza kuhusu dawa ya kupima inayouzwa kwenye chupa ya soda. Mzee wangu, chupa ile haina lebo, na lebo ndiyo inayokwambia usubiri siku ngapi kabla ya kuchuma. Mchicha wa kung'oa unauvuna wiki ya tatu au ya nne. Kama dawa inataka siku 14, na wewe umepuliza siku ya 15 baada ya kusia, utaula lini? Kwa mchicha uliotobolewa, mimi nakata majani mabovu, mengine naweka sufuriani.