Mkague Anayeuza Kabla Hujakagua Vigae

Ndugu wanachama, asanteni kwa kunikaribisha. Najua wengi wenu mmeshakopa kwenye SACCOS yenu, au mko njiani kukopa, na shabaha ni nyumba. Kwa hiyo leo nazungumza na mnunuzi.

Mtu akipelekwa na dalali kuona nyumba Goba au Mbagala, Dar es Salaam, atakagua dari, atafungua bomba, atagonga milango, atauliza kama maji yanatoka kila siku. Ni sawa. Ila muulize anayeuza ni nani. "Mwenye nyumba." Nani kakwambia? "Dalali." Hapo ndipo akiba za watu zinapoteketea, na hapo ndipo nataka tukae.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamkataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama jina lililoandikwa ni lake peke yake. Ukiambiwa "mke wangu kasafiri, atasaini akirudi," usilipe hata malipo ya awali. Msubiri arudi, asaini mwenyewe mbele ya wakili. Kumpigia simu akaitikia hakutoshi. Muuzaji akisema hana mke, ale kiapo cha maandishi, na bado pita kwa majirani uulize. Majirani wanajua nani anaishi mle ndani.

Nyumba ya urithi ni mtihani mkubwa zaidi. Baba amefariki, kijana mkubwa anauza, wadogo zake wamesimama pembeni wanaitikia. Huyo kijana, hata angekuwa mtoto pekee, hana mamlaka ya kuuza mpaka mahakama imteue kuwa msimamizi wa mirathi. Watakuletea muhtasari wa kikao cha ukoo umejaa saini. Kikao kinapendekeza jina tu. Anayeteua ni mahakama. Dai barua ya usimamizi, ambayo kwa mahakama ya mwanzo ni Fomu Na. IV. Chukua namba ya shauri, uende mahakama hiyohiyo ukathibitishe. Kisha warithi wote watu wazima waandike kwamba wameridhia. Nawasihi sana katika hili, kwa sababu kesi za mirathi huchukua miaka, na mnunuzi anazeekea kwenye korido za mahakama.

Sasa karatasi. Mnaifahamu ile: "Mimi fulani nimemuuzia fulani nyumba yangu, kaskazini anapakana na Mama Asha, kusini njia." Chini mashahidi wawili na muhuri wa serikali ya mtaa. Inaonyesha kwamba mliuziana, basi. Haikwambii kama nyumba imewekwa rehani benki au kama kuna zuio la kuiuza. Kama ina hati miliki, chukua namba yake ukafanye upekuzi rasmi, yaani ukaguzi wa kumbukumbu za hati hiyo, kwa Msajili wa Hati. Angalia pia miaka iliyobaki, maana hati hutolewa kwa muda maalumu, kama miaka 33, 66 au 99, na uulize deni la kodi ya pango la ardhi.

Kama haina hati, nenda ofisi ya mipango miji ya halmashauri uone ramani inasema nini kuhusu eneo hilo. Mwaka 2017 nyumba za kudumu zilibomolewa Kimara kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro, ambako hifadhi ya barabara ilihesabiwa mita 121.5 kila upande. Familia zilikuwa zimeishi mle miaka na miaka, wakaamka wakakuta alama ya X ya kubomolewa ukutani. Bado inaniuma. Vilevile Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ufukwe. Kiangazi bonde linapendeza. Nenda ukalione wakati wa masika.

Kodi nitaipitia haraka. Kodi ya ongezeko la mtaji, yaani kodi ya faida ya kuuza nyumba, ni ya muuzaji, na iandikwe kwenye mkataba kwamba atailipa yeye, maana bila kulipwa hati haihamishwi.

Fedha zipite benki, kwenye akaunti yenye jina lilelile lililo kwenye hati au barua ya usimamizi. Usimwage zote siku moja. Kubalianeni kwenye mkataba sehemu itakayobaki mpaka hati isome jina lako, na funguo uzipokee nyumba ikiwa tupu, wapangaji wameshahama.

Karibuni maswali. Tuanze na mama pale nyuma.