Siku ya Pili Baada ya Kufika Ujiji

Mazungumzo na wanandoa, ukumbi wa parokia, Kigoma mjini

Tumsifu Yesu Kristo! Baba Paroko, wazee wetu, shikamooni. Akina baba na akina mama, na ninyi vijana mliofunga ndoa juzi juzi, habari za jioni.

Nimeombwa nisimulie hija yetu, mimi na mume wangu, ya kutoka Tabora mpaka Ujiji kwa miguu. Baba Tumaini yule pale mbele, mguu kauweka juu ya kiti. Naomba mumwie radhi hakusimama kuwaamkia, goti bado limevimba. Nitalisimulia na hilo goti, kwa sababu ndilo lililonifungua macho. Tulijiandaa miezi minne kwa ajili ya kutembea. Kwa ajili ya kufika, hatukujiandaa hata saa moja.

Njia mnaijua, ingawa wengi wenu mmeipita usiku mkiwa ndani ya treni. Tabora, Urambo, Kaliua, Usinge, Nguruka, Malagarasi, Uvinza, Kazuramimba, kisha unateremka huku ziwani. Kwa reli ni kama kilomita 400. Tulitoka mwezi wa Juni, mvua zimeshakatika, tukatumia siku 27. Jumapili tulipumzika. Usiku tulilala parokiani, na pasipokuwa na parokia tulikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, tukajitambulisha, akatutafutia pa kulala. Hakuna aliyetufukuza. Kuna nyumba moja karibu na Usinge walitutolea kitanda chao, wao na watoto wakalala jikoni, na asubuhi wakatupa asali kwenye chupa ya maji. Ile asali imefika Ujiji.

Mtu ataniuliza, kwa nini njia hii? Kwa sababu ni njia ya misafara. Kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji, kupitia Tabora, ndipo walipopitishwa watu wakiwa wamefungwa shingoni, na ndipo yalipopitishwa meno ya tembo. Sisi sote tuliozaliwa huku tuna damu ya watu wa njia hii, ama waliobeba, ama waliouza, ama waliouzwa. Mapadre wa kwanza waliokuja huku, Wamisionari wa Afrika, waliipita hiyo hiyo. Walitoka Bagamoyo mwaka 1878. Mmoja wa viongozi wao, Padre Pascal, alifia njiani mwezi wa Agosti kabla hawajafika Tabora. Hapo Tabora waligawanyika, wengine wakaelekea Uganda, na waliopangiwa huku wakaingia Ujiji Januari 1879. Nilitaka miguu yangu ijue walichokijua.

Na kuna jambo ambalo hatukufundishwa shuleni. Tunawasifu wapagazi wa Kinyamwezi, na wanastahili, maana mtu alibeba frasila mbili, kilo 32 hivi, miezi na miezi. Lakini wengi walisafiri na wake zao. Mwanamke alibeba sufuria, mkeka na unga, pengine na mtoto mgongoni, na msafara ukitua yeye ndiye anayetafuta kuni na maji. Mimi nilibeba kilo 7, Baba Tumaini kilo 9. Kila nikitaka kulalamika, nilimkumbuka yule mama asiyetajwa jina. Kwa hiyo mume na mke kutembea pamoja njia hii si jambo geni lililoanza na sisi.

Sasa niwaambie ukweli wa kutembea wawili. Mimi ni mwepesi, mwenzangu ni mzito. Nyumbani tofauti hiyo haionekani, kila mtu ana kazi zake. Njiani ndiyo inakuwa maisha yenu. Siku ya 14, tumeshapita Nguruka, tulikuwa porini, miombo mitupu, mbung'o wanauma hata juu ya nguo. Nilitangulia. Nikaona mninga wenye kivuli, nikakaa, nikanywa maji, nikasali makumi mawili ya rozari. Akafika. Nikasimama, nikajipangusa vumbi, nikamwambia twende. Hakuja. Alikaa chini akavua raba ya kushoto, halafu soksi, na soksi haikutoka. Ilikuwa imegandana na kidole kwa damu. Akaimwagia maji kidogo kidogo mpaka ikaachia. Akasema bila hasira, "Mama Tumaini, kila nikikufikia, unaondoka."

Miaka 31 ya ndoa, na nilikuwa sijaliona. Aliye mwepesi hupumzika akimngoja mwenzake. Aliye mzito akifika, mapumziko yamekwisha. Kwa hiyo anayechoka zaidi ndiye asiyepumzika kabisa! Nililia pale chini ya mninga, na si kwa ajili ya kidole tu. Niliwaza mambo mangapi nyumbani nilikuwa nimeshaamua na kusimama, yeye ndiyo kwanza anafika.

Misafara ya zamani ilikuwa na kirangozi, mtu wa mbele anayeshika bendera, na hapakuwa na ruhusa ya kumpita. Tangu siku ile Baba Tumaini akawa kirangozi. Mwendo ukawa wake. Alipokaa ndipo tulipokaa, na alipoinuka ndipo tulipoinuka. Tulikuwa tunakwenda kilomita 16 au 17 kwa siku, na vidonda vyake, kwa mafuta ya mgando na soksi kavu, vilipona kabla ya Uvinza.

Basi hapo ndipo lilipoingia kosa letu. Kabla ya kutoka Tabora tulikuwa tumeshakata tiketi za treni ya kurudi, na tarehe tukaipanga tukiwa mezani nyumbani, miguu mizima. Uvinza nilipata homa, tukapoteza siku mbili kwa mwenyeji wetu. Nilipoinuka, tukahesabu siku tukaona treni itatuacha. Tukamwondoa kirangozi. Kilomita 80 za mwisho tulizimaliza kwa siku tatu, na siku ya tatu Baba Tumaini alikuwa anaburuta mguu tangu saa nne asubuhi. Nilimwona. Sikusema tusimame, kwa sababu nilikuwa na tiketi mfukoni.

Tuliingia Ujiji jua linazama. Mlango wa kanisa ulikuwa umefungwa, tukasali nje kwenye ngazi. Nilipiga magoti peke yangu. Yeye hakuweza. Alisimama ameshika nguzo, na hija tuliyoipanga miezi yote ile ikaishia hivyo, mmoja chini mmoja juu.

Kesho yake tulikwenda kwa bajaji kwenye kumbukumbu ya Livingstone, pale penye miembe. Wageni huja kwa ajili ya kukutana kwake na Stanley, Novemba 1871. Mimi niliwafikiria Susi na Chuma, watumishi wa Livingstone. Susi alikuwa hapo hapo Ujiji, ndiye aliyetoka mbio kumpokea Stanley. Mwaka 1873 Livingstone alipofariki kule Chitambo, Zambia ya leo, yeye na Chuma na wenzao waliubeba mwili wake kwa miguu, wakapita Tabora, wakafika Bagamoyo Februari 1874. Je, mnajua kilichowapata walipofika? Walilipwa mishahara yao wakaachiliwa. Mwili ukapakiwa melini, na mazishi yakafanyika London mwezi wa Aprili, Susi na Chuma hawapo. Walipelekwa Uingereza baadaye, kaburi limeshafunikwa. Kutembea kote kule, halafu hakuna aliyefikiria siku yao ya pili. Nilisimama pale mwembeni nikamtazama mume wangu ameketi kwenye bajaji, mguu nje, nikajua na mimi sikuifikiria ya kwake.

Treni tuliiacha iondoke. Pesa ya tiketi ilipotea na haikuniuma. Tukahamia kwa shemeji yangu, mtaa wa Mwanga hapa hapa mjini, na kwa siku mbili tukakatazana kuzungumza habari ya safari. Tulikula migebuka, tulilala, tulikwenda ufukweni kutazama watu wakianika dagaa. Ushauri wangu kwa wanandoa wanaotaka kwenda hija ndefu uko hapo. Usiku wa kufika msiamue chochote, maana mwili uliochoka unataka ama kukimbia nyumbani ama kuendelea bila kusimama, na yote mawili ni uchovu unaosema. Tiketi ya kuondoka mkate mkiwa mmeshafika. Na pesa ya siku hizo mbili tatu muitenge tangu mwanzo, kama mnavyotenga ya dawa.

Siku ya tatu tukazungumza. Nilimwacha aseme kwanza, mpaka mwisho. Nilidhani atasema nyumbani. Akasema Karema.

Wengi wenu mnajua habari za Daktari Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, huko Mali, akaibwa akiwa mtoto akauzwa. Wamisionari wakamkomboa, akasomeshwa udaktari Malta, akaja bara kwa miguu na msafara kutoka pwani, akafika Karema mwaka 1889. Akatibu watu na kufundisha dini pale kando ya ziwa mpaka alipofariki mwaka 1956. Miaka 67. Alioa huku huku, na mwanaye akawa padre. Baba Tumaini alisema, "Njia tuliyotembea ni ya waliouzwa. Nataka niimalizie kwa mmoja aliyekombolewa." Sikuwa na la kuongeza.

Ila namna ya kwenda ilitupa kazi. Kwa ziwa ni pazuri, na boti za mbao zipo, lakini mara nyingi unashukia majini na kupanda unarukia, na goti hili halirukii kitu. Basi la Mpanda kupitia Uvinza ndilo la haraka, lakini ni siku nzima umekunja mguu. Treni ni mzunguko mkubwa, maana reli ya Mpanda inachepukia Kaliua, kwa hiyo tutarudi nyuma zaidi ya nusu ya njia yetu. Lakini daraja la pili kulala mtu ananyoosha mguu. Tumechagua treni. Kutoka Mpanda mpaka Karema ni kwa gari, tutakwenda asubuhi tukiwa tumelala Mpanda. Tumekubaliana pia kwamba yeye atakaa dirishani, na tukipita Nguruka mchana ataniamsha nikautafute ule mninga.

Kuna mama ameuliza lini. Tiketi hatujakata. Jumatatu tunakwenda hospitali goti liangaliwe, na kirangozi ndiye atakayesema siku. Mwenye ndugu Karema na ana barua au kifurushi, atukute pale mlangoni. Kisizidi kilo mbili, na kitakuwa kwenye mzigo wangu mimi.