Kadi za Watu wa Siku Moja

Mazungumzo ya Jumamosi alasiri kwa wazungumzaji wa Kiswahili, Kansas City

Shikamooni wazee wangu. Vijana, mambo? Kabla sijaanza, naomba kadi hizi zizunguke kuanzia mstari wa mbele. Zipo sita. Zishikeni pembeni, maana wino wa printa yangu na mafuta ya sambusa havipatani. Zikifika nyuma, zirudi kwangu.

Aliyenialika amenitambulisha kama mtaalamu wa besiboli. Jamani! Mimi ni dereva wa basi la shule. Mchezo huu nimeujua kwa kusikiliza watoto wakibishana nyuma ya kiti changu, na miaka miwili ya mwanzo sikuelewa hata nani anamshambulia nani. Kwa mama zetu ambao bado wanaona ni rede ya wanaume wazima: mrushaji anasimama kwenye kichuguu katikati ya uwanja, mpigaji anamsubiri na gongo lake, akiupiga mpira vizuri anakimbia kupitia vituo, akirudi alipoanzia bila kutolewa ni pointi. Na kila kitu kinahesabiwa. Mpira uliopigwa, uliokoswa, uliodakwa, uliodondoshwa. Nilipofika nchi hii nilidhani ni mchezo wa wakimbiaji, kumbe ni wa makarani.

Sasa kadi. Ni kipande cha karatasi ngumu, upana sentimita 6.4, urefu 8.9. Kipimo hicho hakijabadilika tangu 1957. Mbele picha ya mchezaji, nyuma hesabu zake. Zamani zilitiwa kwenye pakiti za sigara ili sigara zisivunjike, na ndimo ilimotoka kadi ya Honus Wagner ya mwaka 1909, ambayo moja yake iliuzwa dola milioni 7.25 mwaka 2022. Baadaye zikahamia kwenye chingamu, au bigijii kama wanavyosema ndugu zangu wa Dar. Kampuni ya Topps ya Brooklyn ilitoa seti kubwa mwaka 1952, kadi 407. Sy Berger, mmoja wa waliozibuni, alisimulia kwamba zilizododa walizipakia kwenye tishari mwaka 1960 na kuzitosa Atlantiki. Mwaka 2022 Mickey Mantle mmoja wa seti hiyohiyo akauzwa dola milioni 12.6. Naona mzee wangu wa Tanga pale anatikisa kichwa, anapiga hesabu ya nyavu.

Hela hizo tuziache huko. Ni hela za watu maarufu, na mimi natengeneza kadi za ambao kampuni haikuwa na haja nao.

Topps ilikuwa inawafuata vijana wakiwa bado ligi za chini, inawapa dola 5 ya kununulia nyama, wanatia saini. Ukipanda ligi kuu ukakaa, unalipwa dola 125 kwa msimu na sura yako inaingia kwenye chingamu. Tatizo ni hilo neno ukakaa. Kuna watu walipandishwa Septemba, timu imeshakata tamaa na ubingwa, wakacheza siku mbili, wakarudishwa chini. Mitambo ya kuchapa kadi za mwaka unaofuata ikianza kuzunguka, mwenzetu keshapata kazi ya gereji. Wamarekani wana msemo wao, kwamba huyo alikwenda kunywa kikombe cha kahawa huko juu. Wengine hawakuwahi hata kukoroga sukari.

Aliye kwenye kadi ya rangi ya machungwa, iliyoko kwa dada mwenye kilemba cha bluu, anaitwa Larry Yount. Tarehe 15 Septemba 1971, uwanjani Houston, Astros wanacheza na Atlanta, raundi ya tisa. Kijana ana miaka 21. Kiwiko kilishaanza kumuuma alipokuwa akipasha mkono pembeni, lakini nani atasema hapana siku hiyo? Akaitwa. Jina likatangazwa uwanja mzima. Akapanda kichuguu, akarusha mipira michache ya majaribio, maumivu yakazidi, akashuka. Hakumrushia mpigaji hata mmoja. Kwa kanuni, ukishatangazwa umecheza, kwa hiyo vitabu vinasema Larry Yount alicheza mechi moja ya ligi kuu. Hakurudi tena. Mdogo wake, Robin, alicheza miaka 20 Milwaukee na kupata mapigo 3,142. Baba mmoja, mama mmoja.

Huyu ndiye niliyeanza naye, na ndiye niliyemkosea. Nilikaa mezani usiku, nikamtafutia rangi, nikamchora mkono umeinuliwa. Nikageuza kadi niandike hesabu. Mechi 1. Raundi alizorusha, 0. Waliotolewa, 0. Mapigo, 0. Mstari mzima wa sifuri kama shanga. Huruma ikanishika. Nikaandika theluthi moja ya raundi, yaani nikamzawadia mtu mmoja aliyetolewa. Nani atajua? Ni kadi ya kubuni, na mwenye kubuni ni mimi.

Asubuhi binti yangu, darasa la saba, akaichukua na uji wake mkononi. Akaangalia mbele, akaangalia nyuma, akatoa simu. Kisha akaniuliza, "Baba, huyu uliyemtoa alikuwa nani?"

Sikuwa na jibu. Ukimpa Yount mtu mmoja aliyetolewa, lazima kuwe na mpigaji wa Atlanta aliyerudi benchi ameinamisha kichwa, na mpigaji huyo hayupo. Nimemnyang'anya mtu mwingine ili nimpe huyu. Zaidi ya hapo, nimemfuta Larry Yount mwenyewe. Warushaji waliowahi kumtoa mtu mmoja ni wengi. Aliyetangazwa, akapanda, akashuka bila mpira mmoja kuhesabika, ndiye huyu. Nikaichana ile kadi. Hiyo mnayoshika ni ya pili, na sifuri zake zote zipo.

Tangu hapo nyumbani kwetu kuna amri: picha buni upendavyo, jezi ipake rangi unayotaka, nambari usiguse.

Amri hiyo ina raha yake pia. Angalieni kadi ya John Paciorek. Houston tena, uwanja wa zamani uliosifika kwa mbu kuliko ushindi. Ni tarehe 29 Septemba 1963, siku ya mwisho ya msimu, na yeye ana miaka 18. Alikwenda kupiga mara tano: mara tatu akapiga salama, mara mbili akapewa kituo bure kwa mipira mibaya. Akafunga pointi nne, na kwa mapigo yake wenzake wakafunga tatu. Mpigaji bora kabisa anashindwa mara saba katika kumi. Huyu hakushindwa hata mara moja. Wastani wake wa kupiga, yaani sehemu ya majaribio aliyopiga salama, ni 1.000 na hautashuka, kwa sababu mgongo ulimharibikia, akapasuliwa mwaka uliofuata, na ligi kuu hakuiona tena. Akawa mwalimu wa michezo California. Nyuma ya kadi yake nimeandika mstari mmoja wa takwimu, pembeni nikaandika "mwalimu", basi. Nilijaribu kuongeza sentensi nzuri nzuri zikaonekana kama hotuba ya msibani.

Eddie Gaedel wa St. Louis mwaka 1951, yule mwenye urefu wa sentimita 109 na namba ⅛ mgongoni, sitamzungumzia sana. Wengi wamemcheka vya kutosha. Ila nitasema hivi: alipofariki mwaka 1961, mtu wa besiboli aliyefika mazikoni alikuwa Bob Cain, mrushaji aliyemrushia ile mipira minne mibaya mara moja tu aliyokwenda kupiga. Kwenye kadi yangu Cain yupo kwa nyuma, mdogo, anatabasamu kama siku ile.

Kadi ya Adam Greenberg ndiyo iliyonichukua muda mrefu, na kisa si picha, ni nafasi kati ya mistari miwili. Tarehe 9 Julai 2005 aliingia kupigia Chicago Cubs mara ya kwanza katika maisha yake. Mpira wa kwanza, wa Valerio de los Santos wa Marlins, ukampiga kichwani, kwa kasi ya kilomita karibu 148 kwa saa. Akaanguka. Kizunguzungu kikamfuata miezi mingi. Miaka saba baadaye, tarehe 2 Oktoba 2012, Marlins haohao wakampa mkataba wa siku moja apate nafasi ya kupiga. Aliyekuwa akirusha ni R. A. Dickey wa Mets, mpira wake unayumba kama kipepeo. Mipira mitatu, akatolewa. Uwanja mzima ulisimama kumpigia makofi.

Kwenye kadi ya kawaida mwaka 2012 ungekaa chini ya mwaka 2005, umegusana nao, kana kwamba alilala akaamka. Mimi nimeacha mistari sita mitupu katikati. Fundi wa duka la kuchapa alinipigia simu kuniambia faili lina hitilafu.

Yupo ambaye sitamtengenezea. Lou Proctor. Vitabu vya takwimu vilimweka kwa miongo mingi kama mchezaji wa St. Louis Browns, mechi moja, mwaka 1912. Baadaye watafiti wakafukua magazeti, wakakuta hakuna mtu kama huyo kwenye timu. Inasimuliwa kwamba alikuwa mtuma telegrafu aliyechomeka jina lake mwenyewe katika matokeo aliyokuwa akiyasafirisha. Wakamfuta. Binti yangu anampenda sana, anasema naye alibuni kadi yake. Tumebishana, na bado nasema: yeye aligusa nambari.

Sasa nije hapa hapa mjini kwetu, ambako amri yangu inakwama.

Februari 1920, katika jengo la YMCA pale Paseo, Rube Foster na wenzake walianzisha ligi ya kitaifa ya Weusi, kwa sababu ligi kuu ilikuwa imewafungia mlango. Makumbusho yake mnayajua, pale mtaa wa 18 na Vine. Kama hujafika, toka hapa uende. Desemba 2020 ligi kuu ikatamka kwamba ligi saba za Weusi za 1920 hadi 1948 nazo zilikuwa ligi kuu. Wachezaji kama 3,400, wengi wamekwisha kufa, wakapanda daraja wakiwa kaburini. Mei 2024 hesabu zao zikaingizwa, na Josh Gibson, aliyefariki 1947, akampita Ty Cobb, aliyekuwa akishika rekodi, kwa wastani wa kupiga: .372 kwa .367.

Enzi zao kampuni za chingamu na sigara za Marekani hazikuwachapa. Oscar Charleston, mmoja wao, alipata kadi Cuba alikokwenda kucheza majira ya baridi. Hapa, hakuna.

Kwa hiyo mtu anaweza kusema, haya fundi, kazi ipo, wachape wote. Nilianza. Nikakuta kwamba magazeti ya Weusi yalitoka mara moja kwa wiki, mechi nyingine zilichezwa vijiji ambako hakuna aliyetuma matokeo, na baadhi ya wachezaji wameandikwa jina la ukoo tu. Hakuna jina la kwanza, hakuna alikozaliwa, hakuna kama alipiga kulia au kushoto. Sifuri ya Yount ni kweli iliyoshuhudiwa na uwanja mzima. Mtu huyu hana hata sifuri. Niandike nini? Nikiandika 0 nimesema alikwenda akashindwa, na hilo silijui. Nikibuni, binti yangu ataniuliza nimemtoa nani.

Kuna kijana ameinua mkono. Ndiyo... Gift Ngoepe? Nilijua mtaniuliza. Mzaliwa wa Afrika wa kwanza kucheza ligi kuu, tarehe 26 Aprili 2017, Pittsburgh. Alikulia ndani ya jengo la klabu ya besiboli huko Randburg, mama yake alikuwa akifanya kazi hapo. Alipokwenda kupiga mara ya kwanza, dhidi ya Jon Lester, akapiga salama. Mama yake hakuwahi kuiona siku hiyo, alifariki 2013. Alicheza mechi 41 kwa jumla. Kadi yake imo humo, ya njano. Wastani .181, na sijamwongezea hata nukta.

Ya sita ndiyo ya mtu wa ligi za Weusi. Mtaiona haina sura. Nimechora kofia na kivuli chake, chini jina moja la ukoo kama lilivyo kwenye gazeti. Ukiigeuza utakuta mwaka, timu, mechi 1, halafu vijistari. Kama kuna mwenye babu au bibi mkwe wa hapa Kansas City mwenye sanduku la picha za zamani, mwombe alifungue, uniite. Nimeacha nafasi ya kuandikia kwa kalamu ya risasi.

Naona zimerudi tano. Ya njano iko kwa nani?